Kadi Safi za Kimisagara

Ninyi mnaobaki ofisini Gikondo mmeniomba niandike jinsi kazi yangu ilivyofanywa, kurasa mbili tatu, kabla sijarudisha funguo. Nina miaka thelathini na mitatu. Najua huu si umri wa kustaafu, na Mama Odette, ambaye amestaafu kweli, alicheka mpaka akakohoa aliposikia nikilitumia neno hilo. Sina neno jingine. Kwa miaka kumi na mmoja nimekusanya mikojo ya wanawake wa Kigali na kadi za hedhi zao. Sehemu yangu ya utafiti imefungwa, na sitaomba kazi nyingine ya aina hii. Kurasa hizi nimeziandika mara saba. Hii ni ya nane, na nimejikataza ya tisa.

Nilianza bila cheti chochote cha maabara. Nilikuwa nimemaliza sekondari Ngara, upande wa Tanzania ambako wazazi wangu walinilea, na nilikuja Kigali na Kiswahili, Kinyarwanda cha nyumbani, na mwandiko mzuri. Dokta Salma, mkuu wa utafiti, mwanamke wa Tanga mwenye sauti ya chini, alikuwa anatafuta mtu wa kutafsiri kadi. Utafiti ulitaka kujua homoni za mwanamke zinapanda na kushuka vipi, siku kwa siku, kwa wanawake wa kawaida walio majumbani mwao. Kila mshiriki alipewa chupa ndogo za plastiki za mkojo wa kwanza wa asubuhi, na kadi yenye chumba kwa kila siku. Siku ya damu aliweka nukta nyekundu, siku isiyo na damu mstari, siku ya maumivu duara. Sisi tulipita nyumba kwa nyumba asubuhi, tukachukua chupa, tukazipeleka kwenye friza.

Siku ya kwanza nilimwaga chupa mbili. Niliomba msamaha mara nyingi kiasi kwamba Dokta Salma aliniuliza kama kuna ya tatu.

Elimu yangu ya homoni niliipata kwenye kitabu cha ukunga kisicho na jalada, nilichonunua kwa muuza vitabu vya mitumba. Kurasa za mwanzo hazikuwepo, kwa hiyo mpaka leo mambo mengine nayajua kuanzia katikati. Nilikuwa nashuka ngazi za Kimisagara asubuhi nikirudia neno "projesteroni" kimyakimya, ili nisilikosee mbele ya wenye shahada. Kila nilipoulizwa kitu nilihisi kwamba leo ndiyo siku watakayogundua. Ninaandika hili kwa sababu linahusika na yaliyofuata, wala sitafuti huruma.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Mama Odette. Alikuwa mkunga miaka mingi kabla ya utafiti, amekulia Bukavu, na Kiswahili chake ni cha huko. Wiki yangu ya kwanza alinitazama nikiingia nyumba tatu na fomu mkononi, kisha akanisimamisha njiani.

"Weye unaingia sawa polisi," akasema. "Kwanza ukae. Uulize mutoto, uulize maharagi kama imeiva. Damu itakuja yenyewe mu maneno."

"Lakini Mama, fomu inaanza na damu."

"Fomu haina tumbo, sha."

Nilicheka, nikaendelea kuingia na fomu mkononi.

Vifaa vyetu mnavijua, ila nitasema mawili. Andikeni lebo kwa penseli. Wino wa kalamu unatoka ukikutana na barafu, na penseli haitoki. Na friza iangalieni saa mafundi wa kuchomelea wa ghorofa ya chini wanapoanza kazi. Taa zikipepesa, hakikisheni mashine ya kudhibiti umeme imeshika. Mimi nilikuwa nauvuta mlango wa friza mara kumi na moja kila siku kuona kama umefungwa. Mara moja inatosha. Mara kumi na moja ndizo zinazouharibu mpira wa mlango, na mpira tulibadilisha.

Sasa nifike kwa Vestine. Si jina lake, lakini mnamjua. Amezisoma kurasa hizi kabla yenu na amebadilisha sehemu moja, nami nitaionyesha nikifika hapo.

Vestine ni fundi cherehani wa Kimisagara. Alipojiunga nasi alikuwa na miaka thelathini na mmoja, ameolewa miaka minne, mume wake anapakia mizigo uwanja wa ndege Kanombe, na hawakuwa na mtoto. Mama mkwe alikuwa ameacha kuuliza kwa maneno na kuanza kuuliza kwa macho. Vestine aliniambia wazi kwa nini amekuja: "Dada, mimi nataka mkojo wangu useme kama ninaweza kuzaa. Mtu mwingine yeyote nikimuuliza ataanza kuniombea." Nilimwandikisha. Hicho ndicho alichotuletea, na ndicho tulichopaswa kumrudishia: jibu.

Kadi yake ya mwezi wa kwanza sijaona nyingine kama hiyo. Nukta tano nyekundu, zote za ukubwa mmoja kama vifungo vya shati moja, na mistari iliyonyooka. Siku ishirini na nane kamili. Wengine walikuwa wananiletea kadi zenye mafuta ya kupikia, siku zilizorukwa, kadi iliyotafunwa na mtoto. Kwenye mkutano wa washiriki katika ukumbi wa mtaa nilisimama mbele ya wanawake wote, nikaiinua.

"Tazameni," nikasema. "Hii ndiyo kadi. Fanyeni kama Vestine."

Mshiriki mmoja, Mama Kevine, muuza nyanya mwenye ulimi, akapiga makofi. "Huyo hata damu yake inapigwa pasi!"

Ukumbi ukacheka. Vestine aliinamisha kichwa, lakini niliona amefurahi. Mimi nilifurahi kuliko yeye.

Kuanzia mwezi wa pili kadi za Kimisagara zikawa safi. Hakuna siku iliyorukwa. Wanawake waliokuwa wakipata hedhi ovyo wakaanza kuipata kwa mpangilio. Nilimwonyesha Mama Odette kwa majivuno. Alizigeuza moja moja, akazinusa, kweli alizinusa, akasema, "Hii kadi haijakaa mu nyumba yenye watu." Nilidhani ananionea wivu. Aibu ya kuandika sentensi hiyo nimeibeba mara zote nane.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa pia kulinganisha kadi na majibu ya maabara kwenye jedwali la kompyuta. Mwezi wa tatu, majibu ya mwezi wa pili yalipotoka, nilifika kwenye mstari wa Vestine. Kadi ilisema siku ishirini na nane, nukta tano, kama kawaida. Mkojo ulisema kitu kingine. Homoni ambazo zingepaswa kupanda katikati ya mwezi hazikupanda. Grafu yake ilikuwa imelala chini, kama ya bibi aliyekoma hedhi zamani.

Ningeweza kuuliza. Dokta Salma alikuwa mezani kwake, hatua sita kutoka kwangu. Lakini kuuliza kungekuwa kusema sijui grafu iliyolala inamaanisha nini, na kitabu changu kilikuwa hakina kurasa za mwanzo. Niliitazama kadi safi, nikaitazama grafu mbaya, nikaamua kwamba iliyo safi ndiyo ya kweli. Nikawaza: chupa zimebadilishana na za mwanamke mwingine. Kwenye safu ya maelezo nikaandika "Lebo imekosewa", nikamtoa Vestine kwenye jedwali lililosafishwa, na jedwali likawa zuri. Mwezi wa nne nikafanya hivyo hivyo.

Na nilikuwa naenda kwake kila asubuhi. Aliniambia kichwa kinamuuma. Fomu haikuwa na mstari wa kichwa. Nilimwona akigonga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango wake mwenyewe, mlango anaoupita kila siku, akacheka na kusema nyumba imesogea. Nilicheka pia. Nilichukua chupa, nikaandika lebo kwa penseli, kwa mwandiko mzuri.

Mwezi wa tano, Jumamosi ya mwisho, tulikuwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Mama Odette na mimi sote tulikuwa tunakaa Kimisagara, na siku hiyo mtaa wetu ulikuwa unazibua mfereji. Tulijipanga mstari, tukipitishiana mabeseni ya tope. Vestine alikuwa mbele yetu kidogo. Mama Kevine, aliyekuwa kushoto kwake, akamnyooshea beseni.

Vestine hakulipokea. Beseni likaanguka, tope likawarukia wote.

"Weh! Unamngoja mumeo atoke Kanombe akushikie?" Mama Kevine akapaza sauti, na mstari mzima ukacheka.

"Sijakuona," Vestine akasema.

"Mimi? Mimi nilivyo mnene hivi?"

Kila mtu alikuwa anacheka isipokuwa Mama Odette. Aliweka beseni chini, akaenda akasimama mbele ya Vestine, akamwambia amtazame puani. Kisha akainua mkono wake pembeni, upande wa kushoto wa Vestine, akatikisa kidole.

"Unaona kidole?"

"Kidole gani, Mama?"

Akausogeza mkono karibu, na karibu zaidi. Ulikuwa karibu kulifikia sikio lake aliposema, "Aa, hicho." Akajaribu upande wa kulia. Huko pia kidole kilichelewa kuonekana, ingawa si sana.

Tuliingia nyumbani kwa Vestine na miguu ya tope. Mama Odette hakuuliza kuhusu macho. Alikaa kitandani, akauliza maharagi. Akauliza habari za mume. Kisha akasema polepole, "Na maziwa je? Inatoka?"

Vestine alifunga mlango. Akafungua kifungo cha juu cha blauzi, akaonyesha vitambaa alivyokuwa amevikunja na kuvishona vizuri ndani ya sidiria. Mwanamke asiye na mtoto, na vitambaa vyake vilikuwa vimelowa.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili wa kadi."

"Na damu? Ya mwisho ilikuja siku gani?"

Vestine hakumtazama Mama Odette. Alinitazama mimi.

"Dada," akasema, "usikasirike."

Damu ilikuwa imekuja mwezi wa kwanza tu. Ya pili ilipokosekana alidhani ni mimba, na maziwa yalipoanza akawa na hakika, akanyamaza ili asiiharibu kwa kuisema. Kipimo cha duka la dawa kikasema hapana. Tumbo halikukua. Alitaka kuniambia. Lakini kila mwezi ulipoisha alikuwa na kadi tupu mkononi na maneno yangu kichwani. "Ulisema kadi yangu ndiyo kadi," akasema. "Ningekuletea nini?" Kwa hiyo alikuwa anaweka kadi ya kwanza mezani na kunakili nukta zake, moja baada ya nyingine.

Hapa ndipo alipobadilisha. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba kosa lote lilikuwa langu. Alisoma, akachukua penseli, akakata. "Andika kwamba nilidanganya kwa mkono wangu," akaniambia. "Usinifanye mtoto. Sehemu yako ni kubwa, chukua hiyo, ya kwangu niachie." Basi nimeandika.

Jumatatu Mama Odette alimpeleka hospitali. Walimpima damu, wakapiga picha ya kichwa. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayotoa homoni ya maziwa, na kwenye tezi hiyo Vestine alikuwa na uvimbe. Si saratani. Ulikuwa unamwaga homoni hiyo kwa wingi, na homoni hiyo ikizidi, hedhi husimama. Lakini uvimbe ulikuwa umekua mpaka ukaanza kubana mishipa ya macho. Daktari alisema kuna kidonge, anameza nusu mara mbili kwa wiki, na mara nyingi uvimbe hunywea. Hedhi ingeweza kurudi, na uwezo wa kushika mimba pia. Kuhusu macho hakuahidi kitu. Aliuliza damu ilisimama lini, akaambiwa, akaandika. "Mngemleta mapema kidogo..." akaanza kusema, kisha akamtazama Vestine na kugeuza maneno.

Nilirudi Gikondo. Nilifungua jedwali mbele ya Dokta Salma, nikaweka kidole kwenye safu ya maelezo.

"Lebo imekosewa," akasoma. "Nani aliandika?"

"Mimi."

"Ulipima chupa upya?"

"Hapana."

"Uliniuliza?"

"Hapana, Dokta."

"Kwa nini?"

Chini mafundi walikuwa wanachomelea, na nilingoja wanyamaze, lakini hawakunyamaza. "Niliogopa utajua kwamba sijui."

Alivua miwani. Nilitegemea anifukuze, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumshukuru.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikuajiri nikijua hujui. Nilikuajiri ukiwa unamwaga chupa. Nilichokuwa nataka ni mtu wa kuniambia akiona kitu cha ajabu. Mkojo wake ulikwambia miezi miwili, nawe ukaufunga mdomo kwa mwandiko mzuri."

Hakupaza sauti. Jioni hiyo hiyo aliandika taarifa kwa kamati ya maadili, akaweka jina lake mwenyewe juu ya langu. Kisha akanipa kazi iliyokuwa ngumu kuliko kufukuzwa: nirudi kwa kila mshiriki wa Kimisagara, mmoja mmoja, nimwambie kwamba kadi haina maksi, na niulize upya.

Niliingia bila fomu. Nilikaa. Niliuliza maharagi. Mama Kevine alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kiuno.

"Kumbe haukuwa mtihani! Mimi nilikuwa najaza wiki nzima Jumapili, nikitoka kanisani. Jirani yangu alikuwa ananakili kwangu. Mungu wangu, na mimi nilikuwa nimenakili kwa Vestine!"

Nusu ya mtaa ilikuwa na hedhi ya Vestine, hedhi ambayo Vestine mwenyewe hakuwa nayo. Kadi zote za miezi hiyo tulizitupa. Chupa tulizibakiza, kwa sababu chupa hazikuwa zimejaribu kunifurahisha. Kwenye kadi mpya Dokta Salma aliongeza alama ya nne, mkato mdogo, maana yake "sikumbuki". Ndiyo alama ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko zote.

Mwezi wa nne wa vidonge, asubuhi, Vestine alipanda ngazi za ofisi akishika ukuta. Hatukuwa na miadi naye. Alisimama mlangoni, akasema neno moja tu: "Imekuja."

Mama Odette alipiga impundu, vigelegele virefu vya Kinyarwanda, mpaka mashine za kuchomelea zikazimwa.

"Nani kazaa huko juu?" fundi mmoja akapaza sauti kutoka chini.

Vestine alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Mwambieni hakuna," akasema. "Mwambieni ni damu tu."

Mtoto hajaja. Daktari anasema anaweza kuja. Mimi nimeacha kutabiri. Uvimbe umenywea, maziwa yamekauka, kichwa hakiumi. Jicho la kulia limerudi lote. Upande wa kushoto wa jicho la kushoto haukurudi, na sasa ni miaka sita, kwa hiyo hautarudi. Miezi miwili ya mwandiko wangu mzuri imo humo. Hakuna daktari atakayeniambia ni kiasi gani, nimewauliza watatu.

Mmeniuliza kwa nini siendelei na awamu mpya. Naondoka kwa sababu bado, nikipewa kadi iliyojazwa vizuri, moyo wangu unafurahi kabla ya akili yangu kuamka. Nimejitahidi miaka sita na haujaacha. Mtu wa kazi hii anatakiwa kuogopa mahali pale mimi ninapofurahi. Mmoja wenu atakuwa hivyo, nadhani, yule anayesahau kofia yake kila mahali.

Funguo za friza ziko kwenye droo ya juu. Penseli nimechonga. Ziara ya Vestine ni kila baada ya miezi mitatu, na inayofuata ni ya kwenu. Amegeuza cherehani yake ikae pembeni, ili wateja waingie kutokea kulia. Lakini kichochoro cha mkato kinachotoka barabarani, kile mtakachopenda kukipita kwa sababu ni kifupi, kinamfikia kutoka kushoto, na hapo hatawaona. Atashtuka, na sindano iko chini ya vidole vyake. Zungukeni kwa mbele. Ni ngazi nyingi zaidi, nimezihesabu, ni arobaini na mbili. Msalimieni mkiwa bado mbali.